Darubini inakuza mara 525, mbona nyota bado ni nukta?

*Swali: Habari mtaalamu. Nina darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ilikuja na lenzi mbili za jicho, moja ya milimita 20 na nyingine ya milimita 4, lenzi ya Barlow ya kuzidisha ukuzaji mara 3, na kichujio kidogo cheusi cha kutazamia Jua. Sanduku limeandikwa kwamba inakuza mara 525. Nikiunganisha kila kitu, nyota inageuka bonge la ukungu linalotetemeka. Nikibaki na ile ya milimita 20, nyota ni nukta tu kama ninavyoiona kwa macho. Je, darubini ni mbovu? Kile kichujio nakifunga wapi? Na kama nyota hubaki nukta hata ndani ya darubini, ilijulikanaje kwamba nyota ni majua kama hili letu?*

Ndugu msomaji, nianze na kichujio, kwa sababu maswali yako mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Usikifunge popote. Kitoe sandukuni, kivunje, ukitupe mahali ambapo hakuna mtoto atakayekiokota.

Kichujio cha aina hiyo kimetengenezwa kukaza kwenye lenzi ya jicho, nyuma kabisa ya darubini. Fikiria kinachofika pale. Lenzi yako ya mbele ina eneo la sentimita za mraba 38 hivi. Jua likiwa juu angani, eneo hilo hupokea nishati inayokaribia wati 4, na lenzi huibana yote katika taswira ya Jua yenye upana wa milimita 6.5 tu. Kila sehemu ya taswira hiyo hupigwa na nishati zaidi ya mara 100 ya ile inayoupiga mkono wako ukiuanika juani. Kichujio kiko jirani na mahali hapohapo. Kioo cheusi hupata moto katikati kuliko pembeni, hutanuka bila ulinganifu, kisha hupasuka bila dalili yoyote, na wakati huo jicho lako liko nyuma yake. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina neva za maumivu. Mtu haungui akasikia. Hugundua baadaye, anapoona doa katikati ya kila anachokitazama, na doa hilo laweza kubaki maisha yote.

Kichujio salama hukaa mbele, kabla ya lenzi ya kwanza, ili mwanga upunguzwe ukiwa bado haujakusanywa. Kiwe kimetengenezwa mahususi kwa kutazama Jua kwa darubini, na kipitishe sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga. Kila mara kabla ya kukitumia, kishike mbele ya taa kali ukague kama kuna tundu au mkwaruzo. Ukiona hata tundu moja, usikitumie. Kikishakaa, kizungushie utepe wa gundi ili upepo usikipeperushe. Miwani ya karatasi ya kupatwa kwa Jua haifai hapa. Imetengenezwa kwa jicho tupu, na ukiivaa kisha ukachungulia kwenye darubini, mwanga uliokwisha kukusanywa utaichoma. Filamu za eksirei, diski za muziki na kioo kilichopakwa masizi navyo viache kabisa: hufanya Jua lionekane jeusi huku vikipitisha mionzi ya infraredi isiyoonekana, nayo ndiyo huunguza.

Usisahau ile darubini ndogo ya kulengea iliyo mgongoni mwa ile kubwa. Nayo ina lenzi, nayo inaunguza. Ifunike au uing'oe kabla hujaelekeza chochote kwenye Jua.

Kama huna kichujio cha mbele, darubini ya lenzi kama yako inaweza kutupa taswira ya Jua kwenye karatasi, na watu kadhaa wakaiona kwa pamoja. Weka lenzi ya jicho ya milimita 20 peke yake, bila Barlow. Usichungulie ili kulenga. Tazama kivuli cha bomba la darubini ardhini, uisogeze mpaka kivuli kiwe kifupi kabisa na cha duara. Shika karatasi nyeupe sentimita 30 nyuma ya lenzi ya jicho. Mviringo wa mwanga utatokea. Zungusha gurudumu la fokasi mpaka ukingo wake uwe mkali. Kwa vipimo vya darubini yako, mviringo huo utakuwa na upana wa sentimita 10 hivi. Baada ya dakika mbili au tatu geuza darubini upande mwingine ipoe, kwa sababu fremu za plastiki ndani ya lenzi ya jicho zinaweza kuyeyuka. Na usiiache darubini iliyoelekezwa kwenye Jua bila mtu mzima kando yake, hata kwa muda wa kwenda kuchukua karatasi nyingine.

Utakachokiona kinastahili taabu hiyo. Kwanza, ukingo wa Jua utaonekana hafifu kuliko katikati. Hilo si kosa la lenzi. Katikati macho yetu huzama moja kwa moja hadi kwenye tabaka lenye joto zaidi, ilhali ukingoni tunatazama kwa mshazari na kuishia kwenye gesi ya juu iliyopoa kidogo. Pili, huenda ukaona madoa meusi. Uso wa Jua una joto la kelvini 5,772. Kitovu cha doa kubwa huwa chini ya hapo kwa zaidi ya kelvini 1,500, kwa sababu usumaku mkali huzuia gesi ya moto kupanda kutoka chini. Doa si jeusi kwa kweli. Lingekuwa peke yake angani lingetuumiza macho. Linaonekana jeusi kwa sababu ya mng'ao wa jirani zake. Chora nafasi za madoa kwenye karatasi ileile kwa siku nne au tano mfululizo, saa ileile, nawe utayaona yakihama, kwa kuwa Jua linajizungusha na kutuonyesha upande uleule baada ya siku 27 hivi. Dunia yetu, ikichorwa kwa kipimo cha picha hiyo ya sentimita 10, haitimizi hata milimita moja. Madoa huongezeka na kupungua katika mzunguko wa miaka 11 hivi, kwa hiyo siku ambayo Jua halina doa hata moja usiilaumu darubini.

Sasa tuje usiku. Darubini yako, kwa maelezo uliyotoa, haielekei kuwa mbovu. Kilichokupotosha ni maandishi ya sanduku.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Kwa hiyo 700 gawanya kwa 20 ni mara 35. Kwa 4 ni mara 175. Zidisha kwa 3 ya Barlow, unapata ile 525. Hesabu ni sahihi, ila haina faida, kwa sababu inajibu swali ambalo si la msingi. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza huja baadaye. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kufikia milimita 7 hivi. Lenzi yako ina milimita 70, yaani kipenyo mara 10 na eneo mara 100. Hapo ndipo ulipo utajiri wako wote. Mwanga mara 100 umeingia, na baada ya hapo hakuna lenzi ya nyuma inayoweza kuongeza hata chembe. Unapokuza, unautandaza mwanga uleule juu ya eneo kubwa zaidi. Kutoka mara 35 hadi mara 525 umeongeza upana mara 15, basi eneo limeongezeka mara 225, na mng'ao wa kila sehemu ya picha umeshuka mara 225. Ndiyo maana kuna giza.

Ukungu una sababu yake nyingine, na hii ndiyo inayozuia nyota isiwe mviringo. Mwanga ni wimbi. Ukipita kwenye tundu lolote, hata tundu pana kama lenzi yako, hutawanyika kidogo kutoka kwenye kingo zake. Jambo hili huitwa difraksheni, nalo halitokani na ufundi mbaya. Lenzi iliyosuguliwa kikamilifu inalo vilevile. Matokeo yake ni kwamba nukta ya mwanga haiwezi kurudi kuwa nukta. Inakuwa kijiduara chenye pete hafifu kukizunguka, na kadiri lenzi inavyokuwa nyembamba ndivyo kijiduara kinavyopanuka.

Hapa tunahitaji kipimo cha pembe. Gawanya digrii moja kwa 60 upate dakika ya tao, kisha gawanya tena kwa 60 upate sekunde ya tao. Jua na Mwezi huonekana na upana wa nusu digrii, karibu sekunde 1,900. Kijiduara cha difraksheni kwa lenzi ya milimita 70 kina upana wa sekunde 4 hivi, na nyota mbili zilizokaribiana hutengana kwenye lenzi hiyo zikiwa na nafasi ya sekunde 1.7 angalau. Na nyota yenyewe? Chukua Jua letu lenye kipenyo cha kilomita milioni 1.39, ulipeleke kwenye umbali wa Rijili Kantori, jirani yetu ang'avu aliye miaka ya nuru 4.37 kutoka hapa. Lingeonekana na upana wa sekunde 0.007. Kijiduara kinachotengenezwa na lenzi yako ni kikubwa kuliko nyota hiyo zaidi ya mara 500, na nyota imezama humo. Ukikuza mara 525, unachokiona kimevimba ni kijiduara cha difraksheni, kikitikiswa na hewa. Hakuna sehemu yoyote ya uso wa nyota uliyoiona.

Usisikitike, hata darubini kubwa za dunia zilitaabika hapo. Kipenyo cha nyota isiyo Jua kilipimwa mara ya kwanza mwaka 1920, pale Albert Michelson na Francis Pease walipofunga vioo kwenye boriti yenye urefu wa mita 6 juu ya darubini ya mita 2.5 ya Mount Wilson, huko Marekani. Waliichagua Betelgeuse, yaani Ibuti la Jauza katika kundi la Jabari, kwa kuwa ni jitu kubwa mno la nyota. Walipata sekunde 0.047.

Kikomo cha vitendo ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo. Kwako ni mara 140, tena usiku hewa ikiwa tulivu. Kwa hiyo lenzi ya milimita 4 imevuka mpaka hata kabla ya kuongeza Barlow, na pia tundu lake ni dogo kiasi kwamba kope zinagusa kioo. Hii ya milimita 20 itumie kwa takriban kila kitu. Ukiweza kuongeza kitu kimoja tu, kiwe lenzi ya jicho ya milimita 10 ya aina ya Plössl, itakayokupa mara 70. Hiyo itabadilisha darubini kuliko chochote kilichomo sandukuni.

Taratibu za usiku huwaangusha wengi kuliko lenzi. Linganisha darubini ya kulengea mchana, siyo usiku: elekeza ile kubwa kwenye ncha ya mnara ulio mbali, kisha kaza skrubu za ile ndogo mpaka ncha ileile ikae kwenye msalaba wake. Toa darubini nje dakika 20 hadi 30 kabla ya kutazama, kwa kuwa bomba lenye joto la ndani hutengeneza mawimbi ya hewa mbele ya lenzi. Usitazame kupitia dirisha, hata likiwa safi. Kioo cha dirisha hakina unyoofu unaotakiwa. Usilenge juu ya paa la bati lililoshinda juani, maana linatoa joto mpaka usiku wa manane. Subiri kitu kipande juu, angalau digrii 30 kutoka upeo wa macho. Chini ya hapo unatazama kupitia hewa nyingi zaidi ya maradufu, na hewa ndiyo inayofanya nyota zimetemete. Macho nayo yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani, na kutazama simu mara moja tu kunayarudisha mwanzo. Kama picha inatikisika kila unapogusa gurudumu la fokasi, fupisha miguu ya stendi na uning'inize mzigo mzito katikati yake.

Anza daima na mara 35, weka kitu katikati, ndipo ubadilishe lenzi. Ukianza na ukuzaji mkubwa, sehemu ya anga unayoiona ni finyu mno na hutakipata kitu. Ukikipata, mzunguko wa Dunia utakitoa kabla hujaweka fokasi.

Kwa mara 35, Mwezi utajaa mashimo, hasa kando ya mstari unaotenganisha mwanga na giza, ambako vivuli ni virefu. Mwezi mpevu ndio wenye sura bapa kuliko siku zote. Kilimia kitaenea uwanja mzima, nyota kadhaa za samawati ambazo macho matupu huzihesabu sita au saba. Mshtarii itakuwa na miezi yake minne, ileile ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini duni kuliko yako. Kwa mara 70 Mshtarii huonekana pana kuliko Mwezi uonavyo kwa macho. Wengi hukataa kuamini hadi walinganishe, kwa sababu imezungukwa na weusi mtupu na hakuna cha kuipimia. Pete za Zohali nazo hutaka mara 70.

Ili kuwa na hakika kwamba lenzi si mbovu, fanya jaribio hili usiku uliotulia. Chagua nyota ang'avu kiasi iliyo juu sana, tumia ile lenzi ya milimita 4 bila Barlow, iweke nyota katikati kabisa. Sogeza fokasi ndani kidogo mpaka nyota ipanuke kuwa pete, kisha irudishe na uipitishe upande wa pili kwa kiasi hichohicho. Pete zikiwa duara na zikifanana pande zote mbili, lenzi ni nzima. Zikiwa na pembe tatu, lenzi ya mbele imebanwa mno na pete inayoishikilia, nayo hupona kwa kulegezwa robo mzunguko. Zikiegemea upande mmoja kama mkia, jaribu kwanza bila kioo cha pembe kinachogeuza taswira, kwani mara nyingi ndicho kilichopinda. Zambarau hafifu kuzunguka nyota ang'avu ni kawaida ya lenzi: kila rangi hupinda kwa kiasi chake, na lenzi mbili zilizounganishwa haziwezi kuzikutanisha zote mahali pamoja.

Limebaki swali lako la mwisho. Nukta haina umbo, lakini mwanga wake una umbali, nguvu na rangi, na vitatu hivyo vinatosha. Umbali ulipimwa kwa kutazama nyota ikihama kidogo mbele ya nyota za mbali zaidi wakati Dunia inazunguka Jua. Friedrich Bessel alifaulu mwaka 1838 kwa nyota ya 61 Cygni, na mwaka uliofuata Thomas Henderson akatangaza umbali wa Rijili Kantori kutokana na vipimo alivyochukua Rasi ya Tumaini Jema. Nyota hiyo iko mbali kuliko Jua mara 276,000. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo Jua letu likipelekwa huko lingefifia mara bilioni 76, na hesabu hiyo inaliacha likiwa nyota ya kawaida, ang'avu kiasi, isiyopishana sana na Rijili Kantori yenyewe.

Kisha rangi. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer alitawanya mwanga wa Jua kwa mche wa kioo akakuta mistari myeusi mamia ndani ya rangi zake. Baadaye Kirchhoff na Bunsen walionyesha kwamba kila elementi hufyonza mistari yake maalumu, kama alama ya kidole. Nyota zilipochunguzwa vivyo hivyo, zilikutwa na mistari ya hidrojeni, sodiamu, chuma na kalisi, vitu vilevile vilivyomo kwenye Jua. Heliamu yenyewe iligunduliwa kwa mstari wake katika mwanga wa Jua mwaka 1868, miaka 27 kabla haijapatikana kwenye madini ya Dunia.

Sehemu ya elimu hiyo unaweza kuiona mwenyewe bila mche. Elekeza darubini, kwa mara 35, kwenye Betelgeuse, kisha kwenye Rigel upande wa pili wa kundi hilohilo la Jabari. Ya kwanza ina joto la kelvini 3,500 hivi usoni, ya pili karibu 12,000. Kitu cha moto kadiri kinavyozidi joto ndivyo mwanga wake unavyohama kutoka wekundu kwenda samawati. Nyota ikiwa kwenye fokasi kamili huwa kali mno na rangi humezwa na mng'ao. Zungusha gurudumu kidogo nje ya fokasi, nyota itanuke iwe kisahani kidogo, na chungwa la Betelgeuse litajitokeza wazi.